Vumbi Ndani ya Kifuniko

Kila baba aliporudi kutoka jangwani nilikuwa na kazi moja, na niliichukia. Mama alimpikia mikate ya gurasa, wadogo zangu walimrukia mabegani, mimi nikakabidhiwa mashine ya kutafutia dhahabu. Chini yake ina sahani nyeusi inayotambua madini ardhini, na sahani hiyo huvalishwa kifuniko cha plastiki isiumizwe na mawe. Nilitakiwa kukifungua, kufuta vumbi lililojipenyeza ndani, kisha kukirudisha. Vumbi la kwetu lina chuma. Ukiliacha humo, mashine hulia hata mahali pasipo na kitu.

Kifuniko chenyewe kilizua ubishi. Wachimbaji wenzake walimcheka baba, wakimwuliza kama mashine yake inasikia baridi. Walidai kinaizuia kutambua dhahabu iliyo chini sana. Lakini kilikuwa kimeletwa na ami Hasabu, kaka yake mkubwa, na baba alimwamini.

Alhamisi moja kulikuwa na hina ya binamu yangu Ilham, na wenzangu walikwishatangulia. Baba aliniuliza kutoka uani, "Mawahib, umesafisha?"

"Nimesafisha, baba," nikajibu, viatu tayari miguuni. Hata sikuigusa.

Baba aliondoka nayo hivyo hivyo, akarudi siku ya tano, mikono mitupu. Mashine ililia kila walipokwenda, wakachimba mashimo matupu siku mbili huku maji yakiwaishia. Wenzake wakamwambia aivue hilo blanketi lake. Akakivua kifuniko, akakitupa na vumbi lake, na kelele zikakoma kweli. Basi akaamini kwamba walikuwa wakisema haki muda wote. Kesho yake sahani tupu ikagonga jiwe kali, ikapasuka, mashine ikanyamaza moja kwa moja.

Jioni ile ami Hasabu alikuja kumpa pole. Baba alimzuia mlangoni.

"Wewe na kifuniko chako mmenimaliza. Usikanyage tena hapa kwangu."

Ami akageuka, akaenda zake. Ndipo baba akamwambia mama kwamba sasa ataingia kuchimba kwenye mashimo marefu ya dhahabu. Mama alikaa chini palepale. Kaka yake, mjomba Siddig, alifukiwa kwenye shimo la dhahabu, na mpaka leo hatuna kaburi lake.

Ningeweza kusema jioni ile. Sikusema. Niliogopa, nikajidanganya kwamba kesho itafaa zaidi, na kesho ikawa siku arobaini. Kila Ijumaa baba alirudi na kikohozi kizito kuliko cha wiki iliyopita. Mama aliacha hata kumwuliza habari za kazi.

Ijumaa ya sita alitueleza kwamba shimo la jirani limeporomoka. Alisema hivyo huku akichovya gurasa kwenye mchuzi, kana kwamba anasimulia bei ya sukari. Nikaliweka tonge chini.

"Baba, sikusafisha. Siku ile ya hina. Nilikudanganya."

Nilingoja kofi. Baba alinawa mikono taratibu, akavuka kichochoro kwenda kwa kaka yake, bila hata kuvaa viatu. Nilimfuata nikilia. Alimshika ami Hasabu mkono, akambusu kichwani, akamweleza yote, akamwomba radhi mbele yangu.

Ami aliingia ndani, akatoka na sahani nzima iliyofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa ya mashine yake ya zamani.

"Hii nilikuja nayo jioni ile," akasema. "Ulinifungia mlango, nikarudi nayo."

Baba akaipokea, kikohozi kikamzidi. Ami akanigeukia mimi.

"Mwanangu, kifuniko hakikuwa na kosa. Kinalinda, ila kinataka kusafishwa. Ungesema ukweli siku ile, kazi ingekuwa ya kitambaa na maji kidogo. Umeuficha, baba yako amekula vumbi la shimoni siku arobaini. Kosa liseme likiwa bado dogo."

Baba hakuingia tena shimoni. Mashine inafanya kazi, imevaa kifuniko kipya, na wanaocheka wacheke. Kikohozi hakijaondoka.

Naisafisha kila anaporudi, bila kukumbushwa. Baba huniuliza, "Umesafisha?" Nami humjibu, "Nimesafisha, baba." Kisha baba hukifungua kifuniko, akatazama mwenyewe.