Paa Kwanza, Rangi Baadaye

"Kwani rangi inaziba maji?"

Swali hilo Fosua alimwuliza jirani yake Birago asubuhi moja, wakati mafundi wa rangi wakiupaka ukuta wa mbele wa nyumba ya Birago. Birago alicheka, akidhani ni utani, maana Fosua haishiwi utani. Lakini alipoingia ndani na kuinua macho darini, kicheko kikamwishia. Swali lilikuwa limemwingia, na halikutoka.

Mama yake Birago, Eno Adoma, alikuwa amefariki. Mwili ulikuwa bado hospitali, kwenye barafu, ukingojea siku ya mazishi. Mabango yenye picha yake yalikwisha kubandikwa mji mzima wa Effiduase. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, na tarehe ya mazishi ikishabandikwa haisogezwi.

Marehemu hurudishwa nyumbani kwanza. Hulazwa chumbani, watu wakapita kumtazama na kumlilia, ndipo akazikwa. Kwa hiyo kabla hajarudi, nyumba hutengenezwa. Ukoo huchanga, na mchango hushikwa na mkuu wa ukoo. Mkuu wa ukoo huu alikuwa Mjomba Nsiah, ndugu yake Eno Adoma, tumbo moja.

Mjomba Nsiah alikwisha kupanga kila kitu. Mbele papakwe rangi ya maziwa. Chumba cha marehemu kipakwe rangi hiyo hiyo. Baraza litiwe marumaru. Maboksi ya marumaru yalikuwa yamepangwa ukumbini, hata utepe wake haujakatwa.

"Watu watatoka Kumasi," alisema. "Wengine watatoka ng'ambo. Wakifika waone nyumba."

Birago hakubisha. Ni yeye aliyekuwa akiishi humo, yeye na mjukuu wake Pokuaa, na kabla ya msiba, yeye na mama yake. Aliijua nyumba ile kuliko mtu mwingine. Alijua kwamba mvua ikinyesha, chumba cha nyuma, alimokuwa akilala mama yake, hunyeshewa kama uani. Eno Adoma alikuwa akisogeza kitanda huku na huku akitafuta pakavu. Aliuomba ukoo utengeneze paa, tena na tena. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: subiri tuuze kakao. Kakao ikauzwa, ikavunwa, ikauzwa tena. Eno Adoma akakohoa mpaka mwisho wake.

Sasa katika chumba hicho hicho alikuwa akilala Pokuaa, na yeye alikuwa ameanza kukohoa. Na ni chumba hicho hicho ambamo marehemu angelazwa.

Mafundi walimaliza. Nyumba iling'aa. Wapita njia walisimama kuisifu. Lakini Birago hakutulia. Alitoka uani kutazama mawingu, akarudi ndani kutazama dari, akatoka tena. Aliweka chungu jikoni akasahau kutia maji. Alipiga magoti kusali, na hata sala hakuimaliza, sikio lilikuwa juu ya bati.

Mvua ilikuja Jumapili, watu wakiwa kanisani. Birago aliondoka kabla ya baraka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipofika nyumbani, ukuta mpya wa chumba cha nyuma ulikuwa umevimba malengelenge. Doa la rangi ya chai lilikuwa linateremka kutoka darini, polepole, mpaka pale pale ambapo kitanda cha marehemu kingewekwa. Alilibonyeza lengelenge moja kwa kidole. Likapasuka, maji yakamchirizikia mkononi.

Alikaa chini sakafuni. Akilini aliona watu wa Kumasi wamejipanga na nguo zao nyeusi na nyekundu, na maji yanamdondokea mama yake usoni.

Akainuka, akaenda kwa Fosua.

"Umekuja na sura ya mtu aliyeunguza fufu," Fosua alimwambia.

"Fufu hutwangwa, haiungui."

"Ndiyo maana naishangaa sura yako. Kaa, mwenzangu. Nini?"

Birago alieleza. Fosua hakumcheka. Alifunga kitambaa kichwani, akatoka naye.

Fosua hakuwa fundi. Alikuwa akiuza vitambaa sokoni. Lakini nyumba yake aliitengeneza mwenyewe kidogo kidogo, kwa miaka, na alikosea sana kabla ya kupatia.

"Mimi nilikuwa nikipaka chumba kila Krismasi," alisema walipoingia. "Mvua za kwanza tu, rangi inabanduka kama maganda ya muhogo. Nikabadilisha duka. Nikabadilisha fundi. Nikamlaumu hata jini. Kumbe maji yapo ndani ya ukuta, yanataka kutoka. Ukiyafunika kwa rangi, yanaisukuma rangi. Ukuta ulioloa haupakwi, Birago. Kwanza unauliza maji yanatoka wapi."

"Si juu?"

"Juu, ndiyo. Lakini hebu tazama na chini."

Chini ya ukuta, karibu na sakafu, palikuwa na ukungu mweusi. Birago alikuwa ameuona siku zote, akidhani ni uchafu, akiusugua. Fosua alimtoa nje, wakazunguka nyuma ya nyumba. Bafu la uani lilikuwa limejengwa karibu na ukuta ule. Maji ya kuogea yalitoka kwenye tundu, yakafuata ukuta, yakatuama kwenye msingi. Udongo ulikuwa umeinamia nyumba badala ya kuinamia nje.

"Nyumba yako inaoga kila mkioga," Fosua alisema. "Inyeshe isinyeshe."

Kisha akaomba kipande cha nailoni na utepe wa kunata. Alichagua mahali ambapo rangi haikuvimba, akakausha kwa kitambaa, akabandika nailoni ukutani, pande zote nne zikashika.

"Kesho tutazame. Jasho likiwa upande wa chumbani, ni mvuke wenu tu, fungueni madirisha. Likiwa upande wa ukutani, maji yamo ndani."

Kesho yake jasho lilikuwa upande wa ukutani, linameremeta.

Wakafunga dirisha na mlango mchana wa jua kali, wakatoa kipande cha dari kilichooza, wakatazama juu. Ndani mlikuwa na giza, na katika giza lile jua lilipenya kwenye vitundu vya mabati kama nyota. Birago alitia alama za mkaa kwenye mbao za paa, karibu na kila kitundu.

"Si vingi," alisema kwa mshangao. "Nilidhani paa zima limeoza."

"Kila mtu hudhani hivyo. Fundi mlafi naye atakwambia hivyo hivyo. Mabati mabovu ni yale ya ukingoni tu. Mengine ni misumari. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari umekufa, maji yanafuata msumari."

"Na rangi ya chumba hiki? Mjomba atataka ipakwe upya."

Fosua alimtazama. "Birago, chumba cha marehemu si mnakifunika vitambaa ukuta mzima, tangu darini mpaka chini? Si ni mimi nitakayewauzia hivyo vitambaa? Nani ataiona rangi?"

Birago aliutazama ukuta. Ni kweli. Katika misiba yote aliyowahi kuhudhuria hakuwahi kuuona ukuta wa chumba cha marehemu. Huonekana vitambaa tu, vyeupe na vya kufumwa. Na bado kila nyumba hukipaka rangi kwanza.

Akaenda kwa mjomba wake. Alimkuta anakula viazi vikuu na mboga ya majani ya magimbi.

"Mjomba, tuyarudishe marumaru dukani. Maboksi hayajafunguliwa, watayapokea. Tutengeneze paa."

Mjomba Nsiah aliendelea kutafuna. "Umeona wapi waombolezaji wanapanda juu ya paa?"

"Sijaona."

"Watakanyaga wapi? Si barazani? Sasa unataka wakanyage saruji iliyopasuka ili paa liwe zuri la kutazamwa na kunguru?"

"Rangi ya chumbani imeshaharibika, mjomba. Mvua moja tu."

"Ipakwe tena."

"Itaharibika tena. Mjomba, hizi ni nyakati za mvua. Mama akilazwa mle na mvua ikanyesha, maji yatamdondokea mbele ya watu. Utawaambia nini? Kwamba baraza lina marumaru?"

Mjomba aliacha kutafuna. Alinawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ni mwenzako yule muuza vitambaa aliyekutia maneno haya."

"Ni yeye. Na ni macho yangu pia."

"Haya. Fanya. Lakini nisikilize vizuri, Birago. Siku ile likitokea la aibu katika nyumba ile, iwe juu, iwe chini, ukoo hautaniuliza mimi. Nitawaonyesha wewe."

Tangu hapo Birago hakulala usingizi wa maana. Marumaru yalirudi dukani. Fosua alimwonya asimpe fundi fedha za vifaa. "Nunua mwenyewe, mapatano ya kazi yawe ya kazi tu. Na usinunue mpaka kila kitu kimepimwa. Kinachobaki baada ya kazi huwa hakina mwenyewe." Kwa hiyo Birago alikwenda dukani na kipimo mkononi, akanunua mabati machache na misumari ya bati yenye mpira.

Fundi aliyekuja aliitwa Atakora, mtu wa maneno machache. Birago alisimama chini akimwangalia mpaka shingo ikamuuma. Fosua alikuwa amemfundisha la kutazama. Bati la juu lilalie bati la chini, si kinyume. Na msumari upigwe mgongoni pa bati, palipoinuka, si kwenye bonde ambamo maji hupita.

"Huo umeupiga bondeni," Birago alisema.

Atakora alitazama chini. "Mama, unataka kupanda wewe?"

"Ukiung'oa huo na kuziba hilo tundu kwa lami, sitapanda."

Aliung'oa.

Uani walichimba mfereji mfupi, wakausakafia kwa saruji, ukayapeleka maji ya bafu mbali na ukuta. Wakajaza udongo kwenye msingi na kuushindilia, ukawa unainamia nje. Chumbani wakakwangua rangi ile mpya yote. Plasta iliyolia mvungu ikigongwa waliibomoa. Kisha hawakufanya kitu. Hilo ndilo lililomtesa Birago kuliko yote. Ukuta ulitakiwa ukauke, dirisha wazi mchana kutwa, na siku zilikuwa zinakwenda. Aliugusa asubuhi, akaugusa adhuhuri, akaugusa jioni.

"Utautoboa," Fosua alimwambia. "Uache upumue."

Ulipokauka wakapiga plasta mpya kwa mchanga uliooshwa. Rangi hawakupaka. Plasta mpya nayo ina maji yake, na siku hazikutosha.

Eno Adoma alirudi nyumbani. Walimlaza kitandani, kuta zote zimefunikwa vitambaa vya Fosua, na tangu alfajiri watu wakaanza kupita. Wanawake wawili wa Kumasi walisimama barazani.

"Mbele pazuri, lakini tazama sakafu hii," mmoja alisema. "Walishindwa hata kuziba nyufa."

Mjomba Nsiah alikuwa karibu. Alisikia. Alimgeukia Birago, akamwonyesha kidole chini, sakafuni, kisha akamwonyesha yeye.

Birago aliinua macho, kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka na mti wa jirani ulikuwa umeanza kuvuma. Mvua ilishuka kwa kishindo. Wote waliokuwa uani walikimbilia ndani, chumba kikajaa, hata waliokuwa wakiimba waliishia kupaza sauti ili wasizidiwe na kelele za bati. Birago alisimama upande wa kichwa cha mama yake. Kila mtu alikuwa akimtazama marehemu. Yeye alikuwa akitazama juu. Alitazama pale palipokuwa na doa, akatazama pembe ya dirisha, akarudi palipokuwa na doa. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti.

Mvua ilinyesha mpaka ikachoka. Shuka la Eno Adoma lilikuwa kavu. Uso wake ulikuwa mkavu. Ndipo Birago akalia, na watu wakadhani amemkumbuka tu mama yake.

Baada ya mazishi alisubiri plasta ikauke vizuri, akapaka chokaa nyeupe, ambayo ni rahisi na huuacha ukuta upumue. Pokuaa alirudi kulala mle. Kikohozi kilipungua, kisha kikaacha kusikika. Nyufa za baraza Birago aliziziba mwenyewe kwa saruji iliyobaki. Marumaru hayakurudi, na hakuna aliyeyakumbuka.

Siku moja ya mvua Mjomba Nsiah alikuja, nguo yake imeloa begani. Alikunywa maji, akauliza habari, akakohoa kidogo.

"Chumba changu kina doa," alisema mwishowe. "Pale karibu na kabati. Nimepaka mara mbili."

"Karibu uone cha huku, mjomba."

Alimpeleka chumba cha nyuma. Mvua ilikuwa ikipiga bati juu yao. Birago alimweleza yote kama alivyofundishwa: tafuta maji yanakotoka, ziba juu, ondoa maji chini, acha ukuta ukauke, ndipo plasta, na rangi iwe ya mwisho. Mjomba alisikiliza, akiitikia kwa kichwa. Alitandaza kiganja ukutani. Palikuwa pakavu.

"Na paa?" aliuliza. "Yule fundi alikaa juu muda gani?"

"Alipanda asubuhi. Jioni alikuwa amekwisha kushuka."

"Siku moja?"

"Siku moja tu, mjomba."

"Na mabati?"

"Machache. Yale ya ukingoni."

Mjomba Nsiah alitazama dari. Kisha akatazama chini, kwenye sakafu, ambako alama za miguu ya kitanda cha dada yake zilionekana bado, hapa, na pale, na pale tena karibu na mlango, kila mahali alipokuwa amekisogeza akitafuta pakavu. Kiganja chake kilikuwa bado ukutani. Alikiondoa. Alivuta nguo yake begani, akatoka, akaingia kwenye mvua.