Shuka, Tumefika

Kama hamniamini, njooni mtaani kwetu Nengo, mpakani na Goma, muulize ukuta. Ukuta wangu na wa Hamdani ni mmoja; akikohoa kwake, mimi huku nasema pole. Haya sikuyaokota sokoni. Nimeyaona kwa macho haya haya yanayotunga uzi kwenye sindano, na bado hayajaomba miwani.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona maturubai ya magari, na kile kitambaa cha kijani kinachofunika jeneza la msikiti ni kazi ya mkono wangu pia. Nilikulia Kigoma, ndiyo maana majirani wananicheka kwamba naongea kama redio. Waache wacheke. Redio angalau husikilizwa.

Marehemu Kadiri, baba yake Hamdani, alikuwa na pikapu ya zamani, Stauti, rangi ya maziwa, iliyoingia mjini kabla mimi sijaolewa. Siku za kazi ilishusha viazi kutoka Cyanzarwe. Mtu akifa, viazi vilingoja. Kadiri aliosha karoseri, yaani bodi ya nyuma, akatandika mkeka, na jeneza likaingia katikati ya mabega. Mabega ndivyo tulivyoviita vile vifuniko vya matairi vilivyoinuka humo ndani, kushoto na kulia. Jeneza la msikiti lilipita hapo kati sawasawa, halichezi hata gari likipita kwenye mawe. Wengi wa mtaa huu wamelala hapo kwa safari yao ya mwisho. Mume wangu Hakimu pia.

Na Kadiri alikuwa na desturi yake. Watu wakishamaliza kuzika, alirudi peke yake nyuma ya gari, akagonga ubao mara tatu, akamwita marehemu kwa jina: "Fulani, shuka. Tumefika." Ndipo anawasha. Alisema mtu aliyeuzoea mji hapendi kuachwa mlimani kwenye makaburi. Anaweza kukaa kimya mle nyuma akarudi na wewe. Shehe alimkemea. Kadiri akamjibu, "Bon, shehe, we shika dua, mi nishike gari yangu."

Wanawake wetu hawafiki kaburini. Siku ya Hakimu nilikaidi, nikasimama ng'ambo ya barabara, na nikasikia: "Hakimu, shuka. Tumefika." Nililia sana, lakini nilirudi nyumbani nikijua kwamba amefika.

Kadiri mwenyewe alipokufa, usukani alishika Hamdani. Akamfikisha baba yake, wakamzika, akawasha gari, akaondoka. Hakugonga. Nilimuuliza baadaye, akaniambia machozi yalimzidi, halafu shehe alikuwa amesimama pale pale, akaona haya. "Na tena, Mama Isimbi, ile ni maneno ya bazee," akasema. Isimbi ni binti yangu, ameolewa mbali. Kijana amefiwa, utamwambia nini.

Hamdani ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mikono yake ina akili kuliko kichwa chake, na hilo namwambia usoni. Alikuwa amemchumbia Mutesi, binti wa Goma, mtoto mpole. Shida ilikuwa ndugu zake Mutesi, ambao walishaijua ile pikapu.

"Banasema bibi-harusi hawezi kupanda mu gari ya maiti," aliniambia siku moja, ameegemea dirisha langu. Hata watoto wa mtaani walimwita Hamdani wa Maiti. Kijana wa watu alichoka.

Basi akapata wazo. Angeivisha pikapu matairi mapana nyuma, yale manene, aipake rangi, iwe gari ya harusi, watu wapige nayo picha kando ya ziwa. Lakini matairi mapana hayaingii hivi hivi. Yangegusa mabega kwa ndani, au yangetokeza nje kama miguu ya chura. Kwa hiyo alikata sakafu ya karoseri pande zote mbili, akang'oa mabega ya zamani, akachomelea mapya, makubwa, ameyasogeza ndani hadi karibu na chasisi. Kazi safi. Ungepitisha kidole kwenye mshono usiusikie. Ila katikati pakabaki njia nyembamba.

"Na jeneza?" nikamuuliza.

"Haiwezi kuingia tena," akasema, anapangusa mikono. "Ndiyo nilitaka. Batafute gari ingine."

Mama yake, Mama Mukabera, alikuwa mlangoni, akasikia. Alishika mbavu zake, mkono huku na mkono huku, akarudi ndani kulala.

Hamdani akafunga matairi, akashusha jeki. Mbele gari likakaa vizuri. Nyuma likaenda chini. Likazidi kwenda. Mpaka matairi mapya yakagusa mabega mapya. Karoserini hamkuwa na hata bisibisi.

Akalaumu resori, vile vyuma vya springi vinavyobeba mzigo. Akasema atalipeleka gari Rugerero kwa mzee Rutagengwa, ambaye maisha yake yote ni resori. Nikapanda naye, maana nilikuwa na turubai la kupeleka huko. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, wanawake wanakwenda sokoni, pikipiki zinatupita. Nawaambia msije mkadhani ilikuwa giza.

Matairi yalisugua njia nzima. Kisha, kwenye mteremko, nyuma yetu, kwenye ubao. Ko. Ko. Ko.

"Ni tairi," Hamdani akanong'ona.

"Tairi haipigi hodi," nikamwambia.

Nikageuka. Nyuma ya kiti kuna kidirisha cha kioo kinachoangalia karoserini. Kilikuwa na ukungu. Duara moja, kama sahani, kwenye kimo cha mtu aliyekaa. Ukungu ukapungua. Ukaongezeka. Ukapungua. Kioo cha mbele kilikuwa kikavu. Nilikumbatia turubai langu nikasoma kila sura ninayoijua, na Hamdani sikumwambia.

Rutagengwa aliweka resori mpya. Akasimama, akalisukuma gari kwa nyonga alitikise. Halikutikisika. Akachungulia karoserini muda mrefu, halafu akavua kofia.

"Iko na muzigo hii," akasema polepole. "Rudisha nyumbani."

Tulimkuta Mama Mukabera ameketi kitandani. Hawezi kulala chali, hawezi kulala ubavu. Nilimfunua nguo nimpake mafuta. Pande zote mbili za mbavu alikuwa na alama nyekundu, zimenyooka, kana kwamba amebanwa kati ya mbao mbili. Na kumbe alikuwa amelala kwenye godoro laini tu.

Akataka kutoka nje. Tukamshika, mimi na mwanawe, hadi kwenye pikapu. Akaweka kiganja juu ya ubao, akainama kama anayemsikiliza mgonjwa.

"Kadiri," akanong'ona. "Bamekubana."

Hamdani akageuza uso.

"Baba yako hakushuka," mama akamwambia. "Hukumuambia. Sasa iko mule, anabanwa, na mi nabanwa naye. Toa hii machuma, mwanangu. Na mi nikikufa, munibebe humu humu, na ye. Sitaki gari ingine."

"Mama, nioe kwanza. Harusi ikipita tu, nitatoa."

Alisema kwa upole, akimpapasa mkono. Msimhukumu haraka. Aliogopa kumpoteza Mutesi kuliko alivyoogopa kumpoteza mama, kwa sababu mama sote tunadhani yupo tu.

Mama Mukabera hakuifikia harusi. Alikufa asubuhi moja ya kawaida, chai yake inatoa mvuke mezani. Nilimfumba macho mimi.

Maji ya kumwoshea yalikuwa bado jikoni wanaume walipoleta jeneza, wakataka kwanza kulijaribisha garini. Wakalisukuma. Likakwama kwenye mabega. Wakaliinua na kuliweka juu ya mabega. Likayumba, likalala upande. Wakajaribu tena. Ndugu zake Mutesi walikuwa wamekuja kuhani, wamesimama langoni, Mutesi mwenyewe kati yao, wote wanatazama jeneza tupu lisilo na pa kukaa. Nilimwonea Hamdani huruma.

Mtu mmoja akasema itafutwe gari nyingine.

"Hapana," Hamdani akasema. "Mama alikataa."

Akavua koti. Akaleta mashine ya kukatia chuma, na mbele ya wakwe zake watarajiwa akaanza kuikata kazi yake mwenyewe. Mimi nikaitwa ndani kuosha. Nilimimina maji huku nasikia chuma kinalia nje na kijana analia nje, sauti zimechanganyika.

Bega la kulia likatoka. Mashine ikanguruma tena. La kushoto likatoka. Mashine ikazimwa.

Na hapo tukasikia, sote tuliokuwa chumbani. Nje, garini, mtu alivuta pumzi. Ndefu. Pumzi ya mtu aliyefunguliwa mshipi uliombana mchana kutwa. Kamikazi, jirani aliyekuwa ameshika kata ya maji, aliiweka chini asiweze kuiokota. Nikazitazama mbavu za marehemu. Zile alama hazikuwepo.

Hamdani alirudisha matairi membamba, akaziba matundu ya sakafu kwa mbao. Jeneza likaingia kati sawasawa, kama zamani.

Nilikaidi tena siku hiyo. Kukaidi nako huzoeleka. Nilisimama ng'ambo ile ile ya barabara, nikaiona pikapu ikipanda mlima, nyuma imelala chini. Mama Mukabera alikuwa mwepesi, mifupa na kanga. Ule haukuwa uzito wa mtu mmoja.

Wakazika. Watu wakatawanyika. Hamdani akarudi nyuma ya gari, na shehe alikuwa amesimama pale pale aliposimama mwanzo. Safari hii hakumtazama. Akagonga. Ko. Ko. Ko.

"Baba," akasema, sauti imekauka. "Kadiri. Shuka. Tumefika. Unisamehe."

Resori zikalia. Nyuma ya gari ikainuka, polepole, kwa taabu, kama mzee anapoondoka kitini. Shehe aliona. Midomo yake ikaanza kusoma.

Hamdani akainua mkono mara ya pili. Mle nyuma amebaki mmoja. Akagonga, taratibu sana.

"Mama," akasema.

Nikangoja neno lililobaki. Mkono wake ulikaa kwenye ubao. Neno halikuja. Akafunga mlango wa karoseri pole pole, kama unavyofunga chumba cha mtu aliyelala, akaingia garini, akawasha.

Mutesi aliolewa naye. Siku ya harusi alipanda pikapu hiyo hiyo, kiti cha mbele, matairi membamba na yote, na ndugu zake hawakufungua kinywa. Nadhani waliona mtu anayemlilia mama yake hivyo hatamtupa binti yao. Ni mke mwema. Ila akiosha gari hapandi nyuma. Husimama chini akarusha maji.

Hamdani habebi tena maiti. Anabeba viazi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha namsikia kupitia ukuta wetu, anasema kwa sauti ya chini, "Mama, twende Cyanzarwe."

Juzi nilimvumilia nikashindwa. "We Hamdani," nikamwambia, "mpeleke umwambie ashuke. Mtu mzima yule, amechoka na safari."

Akainamisha kichwa. "Iko baridi kule juu, Mama Isimbi. Mvua ipite kwanza. Nitamuambia."

Mvua ngapi zimepita. Namkasirikia, kisha namwelewa, kisha namkasirikia tena. Mimi wangu aliambiwa ashuke, akashuka, na tangu siku hiyo nyumba yangu haina hata wa kuniuliza chumvi iko wapi.

Leo asubuhi nilitoka kufagia. Pikapu iliegeshwa kando ya ukuta, tupu, haijapakia hata gunia. Nyuma ilikuwa imelala upande mmoja, ule wa kushoto, ambako magari ya kwetu huwa na kiti cha dereva. Kidirisha kilikuwa na ukungu, duara la sahani. Nikainamia ndani ya karoseri, nikaufuta kwa pindo la kitenge changu. Ulikuwa upande wa huku nje, wa karoserini. Kioo kilikuwa na joto.

Nilipofika mlangoni kwangu nikageuka. Ulikuwa umerudi, mdogo, unakuja na kwenda bila haraka. Sikuufuta tena. Nikampa salamu ya asubuhi, "Mwaramutse, dada," nikaingia ndani kushona.