Chembe Moja Shingoni mwa Callum

Jumamosi saa nne asubuhi, mwishoni mwa mwaka 2017, foleni ya soseji za kuchangia klabu ya mtaa nje ya duka la vifaa vya ujenzi pale Brisbane ilikuwa imefika barabarani. Tamsin alivaa gauni la kijani na kofia pana. Aliyekuwa akigeuza soseji, Callum, fundi wa mapaa anayejitolea hapo kila Jumamosi, alivaa singlendi, shingo nyekundu kwa jua.

"Vitunguu, mrembo?"

"Weka. Na hilo doa shingoni, kamwonyeshe daktari."

"Lo! Wenzako huanza na jina."

"Tamsin. Mimi daktari wa maabara, nasoma madoa kama hayo kwenye hadubini. Nenda, tafadhali."

Callum alikwenda baada ya miezi mitatu, na kufikia hapo walikuwa wameshapendana mpaka majirani wamechoka nao. Doa likakatwa, likaletwa maabara kwa kina Tamsin, akapangiwa Dokta Ranasinghe kulisoma, maana pale ni mwiko kumsomea mtu wako. Tamsin aliujua mwiko huo. Mzee Ranasinghe alipotoka kunywa chai, Tamsin akachomoa kioo chenye kipande cha doa kwenye trei ya mzee.

Melanoma, saratani ya ngozi. Kina chake nukta sita ya milimita. Na katikati, chembe moja ya saratani inajigawa. Moja tu! Alivyofundishwa, hiyo moja ilitosha kuupandisha ugonjwa daraja. Hakungoja ripoti, akapiga simu.

"Mpenzi, imepanda daraja. Huenda wakakukata na tezi za shingoni."

"Nitakufa, Tam?"

"Sijui," akasema, akaangua kilio. Daktari mzima!

Tangu hapo Callum hakupokea simu, wala hakwenda kuchukua majibu. Alituma ujumbe mmoja: *Tafuta mwenye miaka mingi mbele yake, kipenzi.*

Siku ya tisa, Ijumaa, Tamsin akaiona ripoti ya Ranasinghe, akashtuka.

"Dokta, daraja la chini kabisa? Na ile chembe inayojigawa?"

"Umeionea wapi wewe?"

Mzee akaelewa, akavua miwani.

"Nimeihesabu na nimeiandika, maana bado inatuonyesha kasi ya ugonjwa. Lakini tangu Januari haipandishi daraja. Tunatazama kina, na kama doa limechimbika kidonda. Tulilisema kikaoni, ulikuwa wapi?"

Alikuwa ufukweni na Callum. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake akapanga foleni ileile, bila kofia.

"Vitunguu?" Callum hakumtazama.

"Nilikosea, Callum. Nilichungulia kioo kisicho changu, nikakusomea kwa kanuni ya zamani. Uko daraja la chini. Watapanua kidogo palepale walipokata, basi."

Callum akaweka koleo chini.

"Chembe moja?"

"Moja."

"Siku kumi najizika mwenyewe, Tam!"

"Najua. Sina hata uso wa kukutazama."

Soseji zilikuwa zinaungua. "Na mimi nikakukimbia kama mtoto," akasema taratibu. "Nilikuwa nimeshamwomba mama pete ya bibi, nije nikuvishe. Uliponipigia, nikamrudishia. Alilia, we acha tu."

"Callum wangu..."

"Siendi kuiomba mara ya pili, naona haya. Nenda wewe. Mweleze yote. Akikupa, njoo nayo hapa."

Callum akavua kofia yake, akamvika.

Mama mtu alipofungua mlango, macho yake yalikuwa bado mekundu. Tamsin akaivua kofia ya Callum, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, aliyekuliza ni mimi," akasema.