Ndoo ya Kijani Kwenye Foleni

Jumamosi hakukuwa na kulala mpaka jua liingie dirishani. Chiriku, kama alivyoitwa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake usiotulia, alifagia uwanja wa mashine ya kusaga, akanyunyiza maji ili vumbi litulie. Kisha akaanza kazi aliyoipenda kuliko zote: kupanga foleni.

Pale kwao watu hawakupanga foleni. Vyombo ndivyo vilivyopanga. Ndoo, debe, mfuko na beseni, kila kimoja nyuma ya mwenzake, na wenyewe wamekaa ukutani kwenye kivuli wakipiga soga. Chiriku alivisogeza kimoja kimoja hadi mlangoni.

Mama yake alipima nafaka kwenye mizani. Mamdogo, yaani mdogo wake mama, alisaga. Alikuwa mpole, mweupe kwa unga hadi kwenye kope, tena msemaji wa nadra. Watu walisema kelele za mashine zimemmeza maneno.

"Mashine inakimbia, msagaji anatambaa!" fundi cherehani alipaza sauti asubuhi hiyo.

"Mahindi yangu yataotea humu humu kwenye debe," akadakia muuza mayai. Ukuta mzima ukacheka.

Mwanamume mmoja hakucheka. Alibeba mfuko wake begani. "Kule darajani kuna mashine mpya," alisema, akaenda zake. Wawili wakamfuata.

Jioni, mlango ulipofungwa, mama alisema bila kumtazama ndugu yake usoni. "Mdogo wangu, nimevumilia sana. Wateja wanatukimbia. Mwezi ukiisha nitatafuta msagaji mwingine. Wewe utarudi kwa wazee."

"Sawa, dada," alijibu Mamdogo, akaendelea kujifuta unga mikononi.

Chiriku aliisukuma sahani yake pembeni. Mamdogo ndiye aliyemsuka nywele kila Jumapili. Ndiye aliyelala naye kitanda kimoja na kumsikiliza hadithi zake zote hadi mwisho, jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliweza.

Jumatatu darasani, mwalimu wa hesabu aliuliza, "Foleni ikiwa ndefu, nani mwenye makosa?"

"Anayehudumia!" darasa zima likajibu.

"Haya, majaji wangu, mmeshahukumu!" Mwalimu alicheka. "Kuna wataalamu ambao kazi yao ni kuchunguza foleni za hospitali na za benki. Wao hawaanzi na lawama. Wanauliza, watu wanafikaje, mmoja mmoja au kwa mkupuo? Kila mmoja anahitaji muda gani? Na yule anayehudumia, je, anafanya kazi muda wote, au kuna kitu kinachomsimamisha?"

Siku hiyo Chiriku alinyamaza hadi kengele ikalia. Jirani yake alimuuliza kama anaumwa jino.

Jumamosi iliyofuata alikaa karibu na mlango akiwa na kopo tupu mbele yake, na mahindi na maharage mapajani. Alihesabu polepole hadi ishirini, kisha akatazama mashine. Ikiwa inasaga, alitia punje ya mahindi kwenye kopo. Ikiwa imesimama, alitia haragwe. Akahesabu tena, akatazama tena.

"Unapika nini leo, Chiriku?" muuza mayai alimtania.

"Napika jibu, shangazi."

Katikati ya kazi hiyo alifika Kibonge, rafiki yake wa darasani, na ndoo ya kijani. "Nisogeze mbele basi," alinong'ona. "Ni chenga za kuku tu, kidogo. Nani atajua?"

Chiriku alifanya kama alivyofanya Jumamosi zote. Aliichukua ndoo ya kijani, akaipachika katikati ya vyombo vya mbele, akarudi kwenye kopo lake.

Ndoo ilipofika mlangoni, mashine ilizimwa. Chenga za kuku, yaani punje zilizovunjwa tu bila kuwa unga, zinataka chekeche ya matundu makubwa ndani ya mashine, na chekeche haibadilishwi mashine ikizunguka. Mamdogo alingoja mpaka iache kabisa kuzunguka, akafungua skrubu, akatoa chekeche ya unga laini, akaweka ile nyingine, akakaza. Haragwe, haragwe, haragwe. Chenga zenyewe zilisagwa upesi. Kisha mashine ikazimwa tena ili chekeche ya unga laini irudishwe, kwani debe la nyuma lilitaka unga laini. Haragwe, haragwe, haragwe.

"Anatambaa huyo!" fundi cherehani alisema tena.

Chiriku alitazama kopo. Maharage yalikuwa yanakaribia kuyashinda mahindi. Akamtazama Mamdogo, jasho likimchora mistari kwenye unga wa mashavuni. Hakuwa ametulia hata mara moja. Halafu akaitazama ndoo ya kijani ikiondoka, akakumbuka ni mkono wake ulioipachika pale mbele.

Angeweza kueleza habari ya chekeche peke yake, akaiacha habari ya ndoo. Aliliwaza hilo mchana kutwa. Lakini walipofunga, alimimina kopo mbele ya mama.

"Mahindi ni mashine ikisaga. Maharage ni ikiwa imesimama. Mama, Mamdogo si mzembe. Chekeche ndizo zinazokula muda. Tunachanganya chenga na unga laini kwenye foleni moja, naye kila mara anafungua na kufunga." Akajionyesha kwa kidole. "Na mimi naongeza. Nawapitisha rafiki zangu katikati. Kila nikipitisha mmoja, mashine inasimama mara mbili."

Mama alimgeukia ndugu yake. "Mdogo wangu, mbona hukusema?"

"Kwa kelele zile, dada, nani angenisikia?" Mamdogo alijibu. Wote wakacheka, ingawa macho ya mama yalikuwa na machozi. "Huendi popote," alimwambia.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na safu mbili, moja ya unga laini, nyingine ya chenga. Mamdogo alisaga fungu la laini, akabadili chekeche mara moja, akasaga fungu la chenga, ndipo akarudi kwenye laini.

"Nimewahi na chenga zangu za kuku, kisha niwangoje hawa wa unga laini?" muuza mayai alinung'unika.

"Ngoja uone," alisema mama. Muuza mayai aliondoka jua likiwa bado la asubuhi, akidai hakunung'unika hata kidogo.

Kibonge alikuja na ndoo yake ya kijani. Chiriku aliipokea, akaiweka mkiani mwa safu ya chenga.

"Umekuwa mkali siku hizi!" Kibonge alinuna.

"Kaa kivulini, nitakusimulia hadithi."

Mama alisikia. Alimwekea binti yake mkono begani. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema. "Mimi niliuona mzigo wa ndugu yangu mwepesi kwa sababu sikuutazama. Nawe, mwanangu, kabla ya kumpa rafiki nafasi, uliza kwanza hiyo nafasi ni ya nani. Kulaumu ni rahisi. Anayetaka kusaidia huchunguza, na akijikuta yeye mwenyewe ndani ya kosa, hujitaja."

Ndani, mashine iliunguruma bila kusimama. Kwa mara ya kwanza Chiriku alimsikia Mamdogo akiimba, kwa sauti kubwa kuliko mashine.