Maoni Yamepokelewa

Karatasi hazitoi maji. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini Jumatatu hiyo, katika ofisi moja ya mipango ya viwanja vya michezo mjini Kitale, sanduku la maoni lilikuwa linavuja. Kilichodondoka hakikuwa maji hasa. Kilikuwa kizito, cha rangi ya chai iliyolala, na kilinuka matumbo ya ng'ombe yaliyosahauliwa kwenye karai kwa siku tatu.

Nelima, karani wa ofisi hiyo, alilifungua akiwa ameziba pua kwa leso. Ndani mlikuwa na karatasi mia mbili na kumi na tatu za watoto wa shule za karibu. Waliulizwa wangependa viwanja vyao viwe vipi miaka kumi ijayo, nao, maskini, wakaamini kwamba wanaulizwa kweli. Bembea, waliandika. Miti ya kivuli. Choo chenye mlango.

"Bosi, zimelowa, na zinanuka vibaya," alimwambia mkubwa wake, Bwana Ngari. "Nizisome kwanza?"

"Usome za nini? Wewe gonga tu muhuri. Ripoti inatakikana Ijumaa, na uwanja si tulishachagua?"

Walishachagua, ndiyo. Kile kiwanja kizuri upande wa Endebess, chenye nyasi na miti, Ngari alikuwa amempa rafiki yake ajenge ukumbi wa harusi. Watoto wakatengewa kichinjio cha zamani, mahali ambapo damu na mavi ya ng'ombe vilimwagwa shimoni miaka arobaini, kisha pakafunikwa udongo kidogo wa kudanganya macho. Ukiukanyaga udongo huo unabonyea, na nzi wanatoka chini yake. Kwenye ramani ya Ngari mahali hapo pamepakwa rangi ya kijani, na pamechorwa watoto wanacheka. Inatia kichefuchefu.

Nelima akagonga. Pa. Pa. Pa. IMEPOKELEWA, tarehe, na sahihi yake chini. Karatasi moja ilikuwa laini kama utumbo. Muhuri ulizama ndani yake ukatoka na utelezi. Alifuta vidole kwenye sketi, akaendelea na nyingine.

Kesho yake saa saba mchana, akitoka kula, alisikia mtu anagonga muhuri ndani ya ofisi. Pa. Pa. Pa. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mkononi. Alipofungua hapakuwa na mtu. Ila wino wa zambarau ulikuwa umegeuka kahawia kwenye pedi yake, umefanya utando juu, na ile harufu ilikuwa imejaa chumba kizima.

Alasiri bintiye Nakhumicha, mtoto wa miaka saba, alitoka shule akaja kumsubiri kama kawaida. Aliketi sakafuni akachora bembea, huku akinong'ona na kucheka.

"Unaongea na nani?"

"Na rafiki yangu. Ananuka, lakini ni mzuri. Ati wewe ndio ulimkaribisha."

"Mimi? Rafiki gani, Nakhumicha?"

Mtoto alifungua mdomo kujibu, akakohoa, na kwenye ulimi wake ukatokea unywele mmoja mweusi, mrefu, wa mkia wa ng'ombe, na Nelima akaushika kwa vidole viwili akidhani ni uchafu wa chakula cha shule, akavuta, ukaja, akavuta tena, ukaja na mwenzake, na wa tatu, umelowa mate na mafuta ya kahawia, hadi shungi zima likawa limemlalia mapajani na mtoto bado anamtazama kwa macho makavu, wala halii, wala haulizi kitu, anatabasamu tu na kusubiri mama yake amalize.

Nelima alitapika kwenye ndoo ya taka. Halafu alipekua faili mpaka akaipata ile karatasi laini. Ilikuwa imeandikwa kwa kidole.

"Naomba uwanja usifungwe jioni. Watoto wakiingia, wabaki. Nina njaa tangu ng'ombe waache kuja."

Chini yake ulikuwepo muhuri, na sahihi yake mwenyewe.

Alhamisi akaja Pasta Eliakim kutoka Bungoma, mzee aliyembatiza Nelima utotoni kule Sirisia. Walijifungia ofisini wakati wa chakula cha mchana. Pasta alimweka Nakhumicha kitini, akamshika kichwa.

"Loho chafu, nakuamulu, toka! Na wewe mtoto, pokea uponyaji! Pokea!"

Harufu ilipanda hadi macho yakawawasha, nzi wakaanza kutambaa kutoka kwenye droo, na mtoto akajibu kwa sauti nzito, yenye maji kooni.

"Nilishapokelewa, Pasta. Jumatatu. Kwa sahihi."

Pasta aliondoa mkono polepole. Kiganja kilikuwa kinateleza.

"Nelima," alinong'ona, "mlimpa luhusa kwa maandishi?"

"Sikuisoma, Pasta. Niligonga tu."

"Basi mimi hapa siwezi. Aliyepokea ndiye akatae. Andika chini ya hiyo kalatasi kwamba mahali hapo hapafai watoto, weka sahihi yako, halafu ukaisome mbele ya watu wote. Mala moja, mama. Usingoje."

Alichukua Biblia yake akaondoka bila kusubiri chai.

Nelima alishika kalamu. Hapafai watoto. Maneno mawili tu! Lakini aliuona uso wa Ngari, akaona barua ya kufutwa kazi, akamwona mtoto amelala kitini na nzi pembeni mwa midomo. Akafanya kile ofisi ilichomfundisha miaka tisa. Pembeni mwa karatasi aliandika, "Bw. Ngari, kwa hatua zaidi," akaitia kwenye trei ya mkubwa wake.

Ijumaa asubuhi Ngari aliigonga bila kuisoma. Saa hiyo hiyo Nakhumicha aliomba uji, akanywa vikombe viwili, na nywele zake zikanukia sabuni. Nelima alilia kwa furaha. Mpango ukapita, naye hakusema neno.

Wiki sita baadaye uwanja ulifunguliwa. Nelima alikuwa amemkataza bintiye asikanyage huko kamwe, ila hakuna aliyemwambia kwamba shule ingepeleka darasa zima. Aliposikia aliacha viatu chini ya meza akakimbia.

Ngari alikuwa amesimama langoni ndani ya suti iliyolowa mgongoni, nzi wamemzunguka kola, anatabasamu. Watoto walikuwa wamepanga foleni ndefu, wameziba pua huku wakicheka. Kila aliyefika alinyoosha mkono, na Ngari akamgonga muhuri kwenye ngozi. Pa. Pa. Pa. Wino ulikuwa wa kahawia. Lango halikuwa na mahali pa kutia kufuli.

"Nakhumicha!" Nelima alipiga kelele. "Nakhumicha, toka!"

Mtoto aligeuka akiwa ndani tayari, akainua mkono wake mdogo ili mama yake auone vizuri.

"Mama, ona! Nimepokelewa tena."