Hapana ya Felicitas

Kila asubuhi Felicitas alifagia maranda yaliyolala chini ya meza ya baba yake, fundi seremala Theonest, huko Keko. Akimaliza, alinawa miguu, akavaa gauni la shule, kisha akaning'iniza kifuani kisanduku chake cha kusikilizia. Kilikuwa kizito kama mche wa sabuni, na waya wake ulipanda mpaka kwenye kizibo kilichotiwa ndani ya sikio la kulia.

"Unasikia vizuri, mwanangu?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Baba akaridhika. Hakujua kwamba mtoto akishapita kona ya duka la mkaa, alikizima.

Alikizima kwa sababu kilipiga mluzi. Kila alipotafuna, kila alipogeuza shingo, kizibo kililegea na kisanduku kikalia fyuuu! Salumu, aliyeketi dawati la nyuma, alipata mchezo. "Nyie, birika la Keko linachemka! Leteni majani ya chai!" Darasa zima likaangua kicheko. Basi Felicitas akaona heri kimya. Akawa anasoma midomo ya watu.

Kisanduku chenyewe kilitoka serikalini. Surua ilikuwa imemwachia masikio mazito tangu alipokuwa na miaka saba. Kwa miaka minne baba alikwenda ofisini kukiomba, akaambiwa njoo kesho, njoo mwezi ujao. Siku wakubwa walipokumbuka, alikuja nacho bwana mmoja wa kaptula nyeupe. Akachagua kizibo kimoja kati ya vingi vilivyojaa kwenye boksi, akakisokomeza sikioni mwa mtoto.

"Unasikia?" akauliza, kalamu iko tayari mkononi.

"Ndiyo, bwana."

Akatia alama kwenye karatasi, akapiga picha, akaondoka. Hata maji ya kunywa hakuyangoja. Wakubwa ndivyo walivyo: picha ikishapigwa, kwao kazi imekwisha.

Tabu ilikuwa imla. Mwalimu Leodegar alipenda kuisoma huku akitembea nyuma ya madawati, na huko nyuma hakuna midomo ya kusoma. Alhamisi moja alisema, "Babu alinunua saa." Felicitas akaandika, "Babu alinunua taa." Akaandika na mengine ya namna hiyo.

"Makosa kumi na saba!" alisema Mwalimu. "Kuna watoto wanalilia nafasi hii. Imla ya Ijumaa ya wiki ijayo ukikosa hivi tena, utarudi kwa baba yako ukapige msasa."

Jioni ile Theonest aliliona daftari lenye wino mwekundu. Akadhani betri zimekwisha. Akakifungua kisanduku, akakiwasha. Fyuuu! Akakibonyeza kizibo kwa kidole, mluzi ukakoma. Akaondoa kidole, fyuuu!

"Kiti kikilia," alisema polepole, midomo yake ikionekana, "ujue mbao haijakaa kwenye tundu lake. Kitu kinacholia hakijakaa. Kwa nini hukusema?"

"Yule bwana aliniuliza, nikamjibu ndiyo."

"Na mimi je? Si ninakuuliza kila siku?"

Felicitas akainamisha kichwa. "Ulinifundisha mwenyewe, baba. Nikiitwa, niseme bee. Mkubwa akiniuliza, niseme ndiyo."

Theonest akakifunga kisanduku. Alimfundisha hivyo wiki ile waliyomzika mama yake, watu wasije wakasema mtoto hana mlezi.

Jumamosi walikwenda mjini kwa Bwana Taiyeb, fundi wa saa na redio, aliyetengeneza pia mashine za masikio. Duka lake lilikuwa jembamba, na ukuta mzima ulijaa saa.

"Shikamoo," alisema Felicitas.

"Marahaba, binti." Bwana Taiyeb akaketi mbele yake, akachezesha midomo.

"Ndiyo, nasikia," akajibu Felicitas.

Theonest akashangaa. "Bwana Taiyeb, mbona hujasema kitu?"

"Sikutoa sauti hata chembe," akacheka Bwana Taiyeb. "Nimemuuliza kwa midomo mitupu kama anasikia. Huyu ana ndiyo ya adabu, fundi. Ndiyo ya adabu haipimi sikio."

Felicitas akaona aibu, machozi yakamlengalenga. Bwana Taiyeb akampa leso yake.

"Usilie. Mwenye kosa la kwanza ni yule aliyekuuliza huku ameshika kalamu. Hiki kizibo kilitengenezwa kwa sikio la mtu mwingine, tena mtu mzima. Wewe utapata chako."

Akamtia sikioni nta laini, ikachukua umbo la sikio. Jumatano walirudi, na kizibo kipya kikaingia taratibu kama droo iliyopigwa randa vizuri. Felicitas akatafuna, akageuza shingo. Mluzi haukutoka.

"Bado," alisema Bwana Taiyeb. "Kutolia si kusikia." Akaenda kusimama nyuma yake, akaufunika mdomo kwa gazeti. "Rudia ninayosema. Kaa."

"Kaa."

"Paa."

"Paa."

"Saa."

Felicitas alisikia kitu kama upepo tu. Midomo yake ikataka kubahatisha. Akamtazama baba, na baba akatikisa kichwa polepole: usibahatishe, usiogope.

"Hapana," alisema. "Hilo sikulisikia."

"Hapana!" Bwana Taiyeb akapiga paja. "Hiyo ndiyo rula yangu, binti. Bila hapana yako ninapima gizani." Akakwangua kizibo kidogo, akageuza skrubu ndogo ya kisanduku. "Saa."

"Saa!" Felicitas akageukia ukuta, macho yamemtoka. "Kumbe zote zinasema?"

Wote watatu wakazisikiliza.

Ijumaa, Mwalimu Leodegar alipopita nyuma ya madawati, Felicitas alinyoosha mkono mara mbili. "Samahani, Mwalimu, sikusikia neno hilo." Salumu akacheka peke yake. Makosa yalikuwa manne, na kiti chake kikabaki chake.

Jioni baba alimketisha kwenye kiti kipya kisichopakwa vanishi. "Mimi nilikukosea," alisema. "Adabu si kusema ndiyo. Adabu ni kusema kweli kwa upole. Usiposema unapoumia, hata mwenye nia njema hawezi kukusaidia. Nasi wakubwa tukiuliza, tungoje jibu, tena tupime."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kabla Felicitas hajaenda shule, Theonest alisimama nyuma yake na kusema neno moja. Akilisikia, alilirudia. Asipolisikia, alisema hapana, na baba akakiweka kizibo upya.

Asubuhi moja baba hakusema kaa wala saa. Alisema, taratibu sana, "Sauti yako ni ya mama yako."

Felicitas hakuyarudia maneno hayo.

"Hukusikia?" baba akauliza.

"Nimesikia, baba," alisema. "Lakini sema tena."