Dinari za Kaisari kwenye Treni ya Chiasso

Habari hizi alinipa Assunta, mke wa Ezio mlinzi wa makumbusho, juma la Pasaka mwaka juzi, tukimenya maharage jikoni kwake.

Mumewe alikuwa mahabusu siku ya tano. Dinari za fedha, za Kaisari Hadriano na waliomtangulia, zilitoweka kwenye zamu yake. Zikivuka mpaka wa Uswisi, mzee wa watu angeozea jela kwa wizi asioufanya.

Jasusi Ornella alikuwa ameshapanda treni.

Kipokea sauti, kidogo kama punje ya dengu, kilikwaruza sikioni mwake.

"Behewa la nne. Anayezibeba dinari ni mtu wa Napoli, ila anajifanya mgeni. Sura hatuijui."

"Wageni wako watatu, bosi. Niwapekue?"

"Ukianza na asiyehusika, mwenyewe atashtuka. Una dakika kumi na mbili, binti."

Ornella aliketi nao meza moja. Akasimama. Akaketi tena. Bastola ya Beretta ilimchoma ubavuni, lakini Beretta haimjui mwongo.

Dakika tisa.

Alitoa mkate wa mviringo mkobani, akauweka mezani kifudifudi, kitako juu. Kwa Waitalia hakuna anayeuweka hivyo. Ni kuukaribisha mkosi.

Wa kwanza aliendelea kusoma gazeti. Wa pili alipiga miayo.

Wa tatu, aliyejiita Mdenmarki, alikuwa akitazama nje. Mkono wake ukanyooka wenyewe, ukaugeuza mkate.

Hakujua hata kama ameugeuza.

"Asante, kaka. Mama yako alikulea vizuri."

"Mimi Mdenmarki," alijibu, akikivunjavunja Kiitaliano.

"Basi nimiminie kahawa, Mdenmarki." Chupa ya kahawa jamaa huyo alikuwa ameipakata tangu Milano, hajaonja hata tone.

"Imepoa."

"Naipenda ikiwa imepoa."

Alikurupuka na chupa yake kuelekea mlangoni.

Ornella akatanguliza mguu.

Mtu chini. Kifuniko kikaruka. Dinari zikamwagika, makaisari wakaviringika chini ya viti.

"Ungeuacha tu ule mkate," Ornella alisema, akimtia pingu.

"Ningeuachaje, dada? Sisi si wanyama."

Kituo cha Como, askari wawili walimpokea mtu wao na chupa yake.

"Mfungulieni Mzee Ezio," Ornella alisema, akazima kipokea sauti, akaondoka taratibu kama mtu aliyetumwa sokoni.

Kesho yake saa nane mchana Ezio alikuwa kwake. Assunta alimpakulia tambi, akageuka kuchukua jibini. Aliporudi, mzee alikuwa amepitiwa na usingizi hapohapo mezani, uma mkononi.